Walisema Nina Presha

Robot ikiwaka kijani, unaondoka. Robot ndivyo sisi wa Johannesburg tunavyoziita taa za barabarani, na sheria yake hata mtoto anaijua. Asubuhi ile ya baridi kali, karibu na uwanja wa mbio za farasi pale Turffontein, taa iliwaka kijani na mimi sikuondoka. Mguu ulikuwa juu ya breki. Nikauambia utoke, haukutoka. Moyo ulikwenda mbio hata nikausikia masikioni, kifua kimebana, hewa inaingia nusu na kurudi. Nikajisemea, Zuhura, leo unakufa, na mtoto yumo garini.

Mtoto mwenyewe ni Nasra, mwanangu wa pekee, wakati huo darasa la kwanza. Alikaa nyuma na begi lake la shule mapajani. Honi zikaanza, kwanza moja, halafu zote. Taa ikarudi nyekundu, ikawaka kijani tena, ikarudi nyekundu. Dereva mmoja wa teksi akashuka amefura, anakuja na matusi yake ya Kizulu. Alipofika dirishani na kuniona uso, matusi yakamwishia mdomoni. "Eish, mama," akasema. Akanisaidia kuhamia kiti cha pembeni, akaliendesha gari letu mpaka kando ya barabara, akazima injini. Akampa Nasra peremende kutoka mfukoni, akarudi kwa abiria wake waliokuwa wakipiga kelele. Hakungoja hata asante.

Nasra hakulia. Alikaa kimya na peremende yake mkononi mpaka baba yake alipokuja kutuchukua, na kimya kile kiliniumiza kuliko honi zote.

Sasa nimetoka kule, au nimetoka kiasi cha kuweza kukaa chini nikaandika. Nilipokuwa nimo, nilitafuta mtu wa kwetu aliyepita njia hii, aniambie kwa Kiswahili kwamba watu hutoka. Sikumpata. Kwa hiyo wewe uliyekaa kwenye benchi la kusubiri umeinamisha kichwa ili usionekane, haya ni yako. Mambo ya kwa nini ubongo unafanya hivi kawaulize madaktari. Mimi nitakueleza mabenchi, na nyumba yangu.

Kazi yangu ni dirishani. Nipo chuo kikuu, ofisi ya kitivo, na mwanafunzi anayetaka kuahirisha mtihani kwa sababu ya ugonjwa anakuja kwangu. Wengi wanakuja wakilia. Nina boksi la tishu upande wangu wa kioo, nalisukuma, nasubiri, halafu nawaelekeza jengo la ushauri nasaha, lile la matofali nyuma ya maktaba. "Nenda, mwanangu, si aibu." Nimeyasema maneno hayo mara nyingi hata naweza kuyasema nikipiga miayo. Na jioni nami ni mwanafunzi palepale, maana chuo kinawaruhusu wafanyakazi wake kusoma, na mimi nilikuwa nasomea shahada ya pili.

Kabla ya siku ile ya robot dalili zilikuwepo, ila nilizipuuza. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana. Gauni la kazi likawa linanizunguka, nikalibana na pini. Chakula kikakosa ladha. Foleni ikirefuka dirishani, mikono inatoka jasho, naomba ruhusa, naenda kukaa chooni juu ya mfuniko nikisikiliza wenzangu wakinawa na kucheka. Usiniulize chanzo. Watu wote walitaka chanzo: umefiwa? mume ana mwingine? umerogwa? Sikufiwa, mume hana mwingine, na aliyeniroga, kama yupo, alifanya kazi nzuri jamani.

Mume wangu ni Twaha. Anatengeneza simu mjini, Marshalltown, ana kibanda chake chini ya jengo la maofisi. Ni mpole, mcheshi, na ana woga mmoja mkubwa ambao wakati huo sikuujua. Jioni ya siku ile Nasra alimweleza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia vizuri lakini kujibu anajibu kwa lugha ya shule: mama alikwama. Twaha akaniangalia. Kabla hajasema neno, simu ikalia. Alikuwa Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ni mama yetu sote tuliotoka Tanga. Anakaa Rosettenville, anapika vitumbua na sambusa za kuuza, na habari zikitokea anazipata kabla ya mwenyewe. Sauti yake haihitaji spika. "Twaha! Nasikia Zuhura kaanguka barabarani. Ana nini?"

Twaha akanitazama tena. Nikaona macho yake yanatafuta pa kutokea.

"Presha, Bi Mwanaidi," akasema. "Presha imempanda."

Basi. Kuanzia hapo nikawa mgonjwa wa presha.

Mwenzangu, sisi watu wa Tanga ukiugua hatukuachi. Jumamosi sebule yangu ilijaa kina mama na masufuria yao, na kila sufuria halina chumvi. Maharage ya nazi bila chumvi. Samaki wa kupaka bila chumvi. Wengine wakaja na kitunguu saumu, wengine rozela, mmoja alikuwa na majani ya mlonge yaliyotoka nyumbani yamefungwa kwenye gazeti. Wanakaa, wanasoma dua, wananipima kwa macho. "Amekonda." "Presha inakondesha?" "Inakondesha, wewe." Nami nimekaa katikati na khanga yangu, natabasamu, moyo unanidunda kwa hofu ya kuonekana. Hofu ya kufa nilikuwa nayo tayari. Sasa nikaongezewa na hii.

Walipoondoka nilimwambia Twaha, "Mimi sina presha."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Ungependa niwaambie nini?" Alikuwa anakunja jamvi, hakunitazama. "Presha watu wanaielewa. Presha wanaleta chakula."

Halafu ikaja sauti ya mama mkwe iliyorekodiwa kwenye simu, kutoka Tanga. Ilikuwa ndefu, ya upole, na upole wenyewe ndio ulionitisha. Akasema mgonjwa wa presha anahitaji utulivu. Akasema gari limesimama barabarani na mjukuu wake ndani, Mungu kaepusha, safari nyingine je? Bi Mwanaidi anakwenda Tanga Desemba shule zikifungwa. Amchukue Nasra. Akae na bibi yake mpaka mama apone.

Twaha akasikiliza mara mbili. "Ukipona atarudi," akasema.

Atarudi! Nawajua watoto waliopelekwa Tanga mpaka mama apone, mpaka baba apate kazi. Sasa wana ndevu. Nikaingia bafuni, nikafungua bomba maji yachuruzike, nikalia. Tangu siku hiyo sikuwa na shida nyingine duniani. Nilitaka nipone kabla ya Desemba nisinyang'anywe mwanangu, na kadiri nilivyotaka ndivyo nilivyozidi kuumwa.

Nikaenda kwenye lile jengo la matofali. Nilizunguka maktaba mara kadhaa kwanza, kama mwizi. Ndani kuna viti vya bluu vimepangwa kwa kutazamana, na huo ni ukatili, maana mtu anayengoja mahali pale hataki kutazamwa. Nikakaa kwenye kona. Binti aliyekuwa mbele yangu akainua kichwa. Alikuwa Thandeka, wa mwaka wa tatu, ambaye mwezi uliotangulia nilimsukumia boksi langu la tishu.

"Mam," akanong'ona, "na wewe?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema nimeleta barua. Akatikisa kichwa kwa heshima, akatazama pembeni, na mikono yangu mitupu haikuwa na barua yoyote.

Dada wa mapokezi akatazama kadi yangu. "Wewe ni mfanyakazi. Wafanyakazi wana namba yao ya simu." Nikaenda nikajifungia chumba cha kuwekea karatasi pale ofisini, nikapiga. Kijana akapekua kompyuta yake. "Hapa naona umeandikishwa kama mwanafunzi. Wanafunzi wana jengo lao, nyuma ya maktaba." Nikarudi kwenye jengo. Wakanirudisha kwenye simu. Hasira zikanipanda, nikamwambia yule kijana, "Basi nikateni vipande viwili, kila mmoja achukue chake." Akaniambia nisubiri, akaniwekea muziki.

Mara ya tatu nilipofika mapokezi sikuwa na nguvu ya hasira. Nilisimama tu nimeshika kaunta. Dada alipoanza tena, "Wafanyakazi wana...", nikasikia kiti kinasukumwa nyuma yangu.

"Huyu ndiye aliyenileta mimi hapa," Thandeka akasema, na safari hii hakunong'ona. "Kama yeye hana nafasi, apewe yangu. Mimi nitakuja kesho."

Viti vyote vya bluu vikatugeukia. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani. "Kuna nini?" Akatutazama sote wawili. "Thandeka, baki na nafasi yako. Wewe, mama, njoo ukae humu kwangu mpaka nimalize naye. Suala la nani anamlipia nitapigana nalo baadaye."

Huyo ndiye Nomsa, mshauri wangu. Chumba chake kina dirisha linalotazama ukuta, na mezani kuna boksi la tishu, lilelile la aina ninayowapa wanafunzi. Alilisukuma kwangu. Nikacheka, nikashindwa kuacha kucheka, ikageuka kilio.

"Unaogopa nini zaidi?" akaniuliza.

"Kunyang'anywa mtoto."

Hakusema hawatamchukua. Nilimheshimu kwa hilo.

Alinipeleka kwa daktari wa zahanati ya chuo, naye akautaja ugonjwa: sonona, pamoja na mishtuko ya hofu. Nikapewa vidonge. Ilikuwa Agosti, mwezi wa upepo, vumbi la migodi linaingia mpaka kwenye meno. Nakwambia ukweli kwa sababu mimi sikuambiwa vya kutosha: mwanzoni vilinizidishia. Mdomo ulikauka hata ulimi unagandama. Mikono ilitetemeka, nikawa nakunywa chai kwa kikombe nilichojaza nusu. Nilipiga miayo mbele ya mkuu wa kitivo akizungumza, miayo mikubwa, nikashindwa kuifunga. Nomsa akaniambia nivumilie, nisiache mwenyewe, nimpigie nikizidiwa. Nikavumilia. Twaha alijua. Alisema, "Meza, lakini visikae mezani." Nikavificha ndani ya kopo la iliki, na hadi leo nikisikia harufu ya iliki ulimi unakauka.

Nasra naye alikuwa na lake. Nilikuwa siendeshi, tukipanda gari ni baba yake anayeshika usukani, lakini kila tukisimama kwenye robot mtoto anasogea mbele, anashika bega langu, anaikodolea macho ile taa. Ikibadilika anasema, "Mama, kijani." Kila robot. Mjini kuna robot ngapi? Mtoto anayejibu kila kitu kwa Kiingereza, neno hilo moja akalisema kwa Kiswahili. Labda aliona nisipoambiwa kwa lugha yangu sitasikia. Mimi najibu, "Asante, mwanangu," na najisikia kufa.

Septemba Bi Mwanaidi akaja akanikuta natetemeka. Akaweka sufuria chini. "Hii presha imekaidi," akasema. Akafungua pindo la khanga, akatoa pakiti ya vidonge vyake mwenyewe. "Hivi ndivyo vilivyoninyanyua mimi. Meza nione."

Nikamtazama Twaha. Alikuwa amesimama mlangoni, akatazama simu yake.

Utaniuliza, msomi mzima, unafanya kazi chuo kikuu, ulimezaje? Hujawahi kuchoka hivyo, ndiyo maana unauliza. Kukataa kungetaka maelezo, na maelezo yalikuwa yamefungiwa kwenye kopo la iliki. Nikameza. Akaniachia pakiti, na kila asubuhi anapiga: "Umemeza?" Bi Mwanaidi humdanganyi, anaisikia pumzi yako. Nikawa nameza vyake, nameza na vyangu. Wewe usije ukathubutu. Dawa ya mtu ni ya mtu.

Jumatatu iliyofuata, foleni imefika mlangoni, nikanyanyuka kuchukua stempu. Nakumbuka kioo kinakwenda upande. Nakumbuka mtu anapiga kelele jina langu, nadhani mwanafunzi.

Nilipozinduka nilikuwa kwenye kitanda cha zahanati, mkono umefungwa kile kitambaa cha kupimia, na nesi anasoma, anafunga tena, anasoma. Presha yangu ilikuwa imeshuka mpaka chini. Nilisikia kila kitu, ila ulimi ulikuwa mzito, maneno hayatoki. Mlango ukafunguka, Twaha akaingia anahema, bado ana ile bisibisi ndogo ya simu nyuma ya sikio.

"Mke wako anatumia dawa gani?" nesi akamuuliza.

"Za presha."

"Nani alimpa? Faili lake hapa halina presha."

Twaha akaitoa bisibisi nyuma ya sikio.

"Na nyingine?"

Akaizungusha bisibisi vidoleni. Nilimtazama. Nilitaka kumpigia kelele: sema! Tone la maji lilikuwa linashuka kwenye mpira wa dripu, nikalitazama likishuka.

"Baba," nesi akasema, na sauti yake ikawa kali, "faili linasema ameandikiwa dawa hapa mwezi uliopita, sijui kama anazimeza. Nataka kumtibu. Nikikosea, nakosea mwilini mwake. Anameza nini?"

Twaha akainua kidole, akagusa kichwa chake.

"Sioni kidole, mimi naandika. Sema."

Akasema. Kwa kile Kiingereza chake cha kibandani, cha kuuzia vioo vya simu, akasema mke wangu ana ugonjwa wa akili, ana sonona, ana hofu, anameza hizi na hizi kila siku, ziko kwenye kopo la iliki. Presha hana, hajawahi kuwa nayo. "Presha niliisema mimi," akasema, akaketi ukingoni mwa kitanda changu na kulia waziwazi mbele ya nesi. Nikausogeza mkono mpaka ukamfikia goti.

Jumamosi kina mama walikuja kama kawaida. Twaha hakungoja dua. Alisimama katikati ya sebule, mikono nyuma kama mtoto wa shule. "Zuhura hana presha," akasema. "Anaumwa sonona. Niliwadanganya."

Kina mama wakatazamana. Bi Mwanaidi ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo maharage yote yale bila chumvi?"

"Ndiyo, Bi Mwanaidi."

"Miezi yote hii namtesa mtoto wa watu, kumbe mwenye presha ni mimi peke yangu? Na mimi nyumbani natia chumvi!"

Akaanza mmoja kuchekea puani, halafu wote, mpaka nami nikacheka, kicheko changu mwenyewe, cha tumboni, ambacho sikuwa nimekisikia tangu baridi ianze. Lakini Bi Mwanaidi alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ameshika pindo la khanga pale alipofunga pakiti. "Na vidonge vyangu?" akauliza. "Nilikuwa namuua?" Akamgeukia Twaha. "Umesimama pale mlangoni unaniangalia nikimuua?" Sijawahi kumuona mtu mzima akitazamwa vile.

Ungedhani hapo mambo yaliisha. Yalizidi! Mama mkwe aliposikia, sauti yake ikaja fupi, bila upole wowote. Presha mtoto anaweza kukaa nayo nyumba moja. Hili je? Na safari hii hata Bi Mwanaidi, aliyenipikia na kuniombea, alisema taratibu, akitazama chini, "Labda aende tu, Zuhura. Kwa muda." Ukweli niliousubiri umsaidie mwanangu abaki ndio uliomfungia begi.

Nomsa akamwita Twaha. Nilifika chumba cha kusubiri nikamkuta amekwisha kuketi kwenye kiti cha bluu kati ya wanafunzi, begi la vifaa miguuni, anamtengenezea kijana mmoja simu iliyokataa chaji. Ndani alilipakata begi lake la vifaa. Halafu akatueleza habari za mama yake mdogo, ambaye katika ndoa yetu yote nilijua tu kwamba alikufa. Aliugua akili, wakasema wazi ni akili, mtaa mzima ukasikia. Wakamweka chumba cha uani. Twaha, akiwa mtoto, ndiye aliyekuwa akipeleka sahani. Mwanzoni watu walimsalimia dirishani, baadaye wakaacha, mwisho hata jina lake likaachwa. "Nikasema Zuhura hatapelekwa uani," Twaha akasema. "Nikatafuta neno lenye chakula."

"Na robot?" Nomsa akamuuliza. "Unaogopa na robot?"

"Naogopa kila siku."

Basi tukaanza kuendesha, ndiyo dawa aliyotupa Nomsa. Jumapili asubuhi barabara zikiwa tupu, mimi usukani, Twaha pembeni. Mara ya kwanza nilizunguka nyumba tu, jasho likanilowesha mgongo. Baadaye dukani. Baadaye mpaka ile robot, nikasimama, nikaondoka, tukapaki pembeni na mimi natapika kwenye nyasi. Hofu ikija nilifundishwa nisipigane nayo, niseme tu kwa sauti: imekuja. Niwashe taa za hatari, nipumue, ningoje ipite, maana hupita. Mijakaranda ilikuwa imechanua, njia nzima zambarau, na wanafunzi kule dirishani wamechanganyikiwa kwa mitihani. Vidonge vikawa vimenikaa. Mdomo ukapata mate. Siku moja nikala wali na mchuzi nikagundua unahitaji ndimu.

Desemba ikafika. Siku ya safari ya Bi Mwanaidi, begi la Nasra lilikuwa limesimama mlangoni tangu jana yake, nimelifunga kwa mikono yangu. Twaha hakuwa amesema lolote, nami niliogopa kuuliza. Bi Mwanaidi alifika mchana na mizigo yake, tumpeleke kwenye basi. Twaha akaibeba, akarudi, akanipa ufunguo wa gari.

"Endesha wewe," akasema.

Bi Mwanaidi akakaa mbele na tasbihi yake, Twaha na Nasra nyuma. Wingu la mvua lilikuwa limeshuka, jeusi. Robot ile ikatukuta nyekundu. Nikasimama, wa kwanza kwenye mstari, na nikaihisi inapanda, kutoka tumboni, kifuani, kooni. Si leo, nikasema, tafadhali si leo. Bega langu likashikwa.

"Mama, kijani."

Mguu haukutoka. Honi ya kwanza ikalia. Tasbihi ya Bi Mwanaidi ikasimama.

"Imekuja," nikasema kwa sauti. Nikabonyeza taa za hatari. Nikapumua. Honi ya pili, ya tatu. Taa ikarudi nyekundu, nami nikangoja, na ile hofu ikafika juu kabisa, ikasimama pale, halafu ikaanza kushuka, kidogo, kidogo zaidi. Kijani kikawaka. Nikaondoa mguu, gari likaenda.

Nilijua nimeshindwa. Taa nzima imenipita, mbele ya mashahidi. Mvua ikaanza, nikawasha waipa, na machozi nikayaacha yashuke.

"Bi Mwanaidi," Twaha akasema kutoka nyuma, "begi la Nasra sikulipakia."

Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa anatazama nje.

"Lini?" nikamuuliza. "Umeamua lini?"

"Wakati nabeba mizigo. Nililiacha palepale mlangoni."

Kabla ya robot! Alikuwa ameshaamua kabla ya robot. Bi Mwanaidi akarudia kuvuta tasbihi yake. "Nililiona," akasema. "Na mama yako nitamweleza mimi nikifika. Nitamwambia nimeendeshwa na mgonjwa mwenyewe, na nimefika."

Bado nameza vidonge. Nomsa namuona mara mojamoja, na lile boksi la tishu dirishani naliweka upande wa wanafunzi, wajichukulie. Akija anayelia simwambii tena nenda, si aibu. Namwambia viti ni vya bluu, vimetazamana, nami hukaa kile cha kona.

Januari shule zilipofunguliwa nilimpeleka Nasra mwenyewe, mimi na yeye tu. Alikuwa ananihadithia habari za rafiki yake aliyeng'oka jino akalimeza, hadithi ndefu, ya Kiingereza, na mikono inakwenda huku na huku. Robot ikatusimamisha. Nikaitazama taa, nikangoja bega langu lishikwe. Ikawaka kijani. Nikasubiri kidogo. Nyuma hadithi inaendelea, jino limefika tumboni sasa, na mwanangu anatazama nje dirishani, wala habari ya taa hana.

Nikaondoka.